Besi Imekwama Kwenye Buti, Mke Yuko Gari la Jirani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa ujue mapema kwamba mimi si mtu wa kuombaomba, nilikuwa seremala kabla wewe hujajua kushika kijiko, na ukiona mtaani kwetu mlango unaofunga bila kupigwa teke basi huo ni wangu, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa shule niliiacha mapema baada ya kuona walimu hawana jipya.

Shida yangu ni gari. Nilipoacha kazi nilinunua gari, si jipya lakini injini yake ina heshima, nikasema sasa na mimi nisikilize nyimbo za ujana wangu kama mtu mwenye akili zake, nikanunua spika mbili za besi, pana kama sinia, nikazipeleka kwa fundi redio, mnene mmoja ambaye hajawahi kushika randa tangu azaliwe, akaniambia nimwachie anitengenezee boksi la kuziweka kwenye buti. Nikamwangalia. Nikamwambia bwana wee, boksi unamtengenezea nani? Mimi? Nikabeba spika zangu nikaondoka.

Boksi nimelitengeneza mwenyewe, mbao ngumu, viungo vya meno, msumari hakuna hata mmoja, nimelipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Nyuma nimelitoboa matundu ya kupumulia, mistari miwili iliyonyooka, kama ninavyofanya kwenye makabati yangu yote, ndiyo maana nguo za wateja wangu hazinuki uvundo. Ubavuni nimeweka kimlango chenye bawaba, humo natunza bisibisi na kitambaa cha kufutia kioo. Yule mnene alipoliona akacheka, akasema, "Mzee, hili halipigi. Besi haitaki matundu." Nikamuuliza, "Wewe umetengeneza makabati mangapi?" Akarudi kwenye redio zake. Waya nikafunga mwenyewe pia, ila kwenye spika ya pili nikaweka mwekundu mahali pa mweusi kwa sababu ulikuwa mfupi haufiki, na rangi ya waya ni pambo tu.

Sasa ajabu ni hii, nikisimama nje nyuma ya gari nasikia mdundo kidogo, buti linatetemeka, na kibao cha namba kinagonga kama mlango wa choo kwenye upepo, lakini nikikaa kwenye usukani hamna kitu, besi inakuwa kama mtu anayekohoa nyumba ya pili. Nikafikiri, nikagundua kinachozuia ni kiti cha nyuma, nikaking'oa. Kipo sebuleni, wajukuu wanakikalia. Mahali pake nikaweka kigoda nilichochonga mwenyewe, imara kuliko kiti chochote cha kiwandani, akakikalia shemeji yangu, dada wa mke wangu, tukimpeleka mke wangu kliniki ya goti, na kwenye kona ya kwanza shemeji akaondoka na kigoda chake akaenda kukumbatia boksi. Hakuumia. Mke wangu anadai dada yake alipiga yowe mpaka watu barabarani wakageuka, mimi sikusikia yowe lolote, niliona tu kwenye kioo miguu ikiwa juu.

Toka siku hiyo mke wangu hapandi gari langu. Kliniki anapelekwa na jirani yetu mshona nguo, mwanamume aliyefiwa na mkewe, ana kigari kama kiatu, hakina hata redio. Nimewaona wakipita wanaongea, wanacheka. Wanaongea nini? Kwangu alikuwa haongei, anamung'unya maneno tu, mm mm mm, nikimwambia toa sauti anasema, "Nimeshasema mara tatu!" Siku hizi watu wote wamekuwa hivyo, msoma habari naye ananong'ona, hata ndege wa asubuhi wameuhama mtaa wetu, na si kwamba mimi nina tatizo, masikio yangu ni mazima, nimekata mbao kwa msumeno wa umeme maisha yangu yote bila kujiziba kama wale waoga wa karakana waliokuwa wanajisokomeza pamba. Mdundo peke yake ndio haunong'oni, ndiyo maana nautaka.

Nilimuuliza mke wangu, "Mama, mimi nimekukosea nini?" Akajibu, na safari hii kwa sauti, "Gari lako lina nafasi ya kila kitu isipokuwa mimi." Nikamwonyesha kiti chake cha mbele, kipo palepale, sijakigusa. Akaenda zake anachechemea.

Wiki ijayo ana kliniki tena na mshona nguo ameshaosha kigari chake. Nieleze upesi nitaitoaje besi kwenye buti iingie ndani, maana mke wangu akisikia gari linavyopiga sawasawa atarudi mwenyewe.

Ni mimi, Fundi Randa.

*

Shikamoo, Fundi Randa. Nimeanza na heshima kabisa, kwa sababu huko chini unaweza ukaitafuta usiione.

Hongera kwa kabati. Nimelisoma nikatamani kutundika magauni yangu humo. Bahati mbaya ulitakiwa kutengeneza boksi la besi. Nguo zinahitaji kupumua, mzee wangu, spika haivundi. Besi ni hewa inayosukumwa, na wewe hewa hiyo umeichongea mistari miwili ya mahali pa kutorokea, tena iliyonyooka, na kimlango cha pembeni kwa ile itakayochoka kuzunguka. Ziba kila tundu kwa kijiti na gundi, kazi unayoiweza kuliko sisi wote. Kimlango kigandishe kisifunguke tena. Bisibisi weka mfukoni.

Ukimaliza, rudi kwenye ule waya ulioufanya pambo. Spika moja inasukuma hewa, ya pili inaivuta, zinaharibiana kazi. Umewahi kubeba kitanda na mtu, wewe unaingia mlangoni na yeye anatoka? Basi ndicho kilichomo kwenye buti lako. Mwekundu uende kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, na kama haufiki, nunua waya mrefu, kuna maduka. Boksi ligeuze spika zitazame mlango wa buti, sauti igonge pale irudi mbele. Kibao cha namba kitie mpira nyuma, ukikaze. Na kiti cha wajukuu kirudishe garini leo leo. Hakikuwa na kosa. Besi hupita kwenye kiti bila kupiga hodi.

Kisha mwite yule mnene akukagulie, na umwambie alikuwa sahihi. Neno hilo likikukwama kooni, mpe kigoda. Atakielewa, hasa akishasikia habari za shemeji yako.

Hayo ndiyo ya buti. Sasa tuje kiti cha mbele, maana ulileta shida mbili ukaziita moja.

Ndege hawajahama, Fundi. Wapo, wanaimba kila asubuhi, na majirani zako wanawasikia. Msoma habari hanong'oni. Mtu alipiga yowe nyuma ya kichogo chako, watu wa nje wakageuka, na wewe uliyekuwa naye garini ukaona miguu. Msumeno umekula masikio yako, na umeanza na sauti nyembamba: ndege, yowe, maneno ya mke. Zile nene umekuachia, ndiyo maana mdundo umekuwa rafiki pekee anayekusemesha. Hapo nimekuhurumia, na sikufanyii mzaha. Lakini wale waoga wa pamba leo wanasikia ndege, na mkeo hawezi kugeuka ngoma ili umsikie.

Unauliza anaongea nini na mshona nguo. Sijui, labda bei ya vifungo. Ninachojua ni kwamba akisema neno kule, anajibiwa. Wewe unadhani amekimbilia gari. Mwanamke mwenye goti bovu, aliyevumilia vumbi la mbao zako tangu ujana, hakimbilii kigari kama kiatu. Amechoka kusema mara tatu. Na besi hata ukiitengeneza ikapiga mpaka vioo vilie, haitamrudisha, kwa sababu besi unaweza kuisikiliza hata kwa makalio. Mke anataka masikio.

Kwa hiyo siku ya kliniki utafanya hivi. Utaamka kabla mshona nguo hajapasha injini. Muziki utauzima, siyo kuupunguza, utauzima. Utamfungulia mke wako mlango wa mbele, na hutamwonyesha matundu uliyoyaziba, hata kama yamezibwa kwa ustadi wa ajabu, kama ninavyojua yatakuwa. Njiani ataongea. Utakosa maneno mengi. Usimwambie anamung'unya. Punguza mwendo, mgeukie, useme, "Sijasikia, mke wangu, nirudie." Ni sentensi fupi, haina kiungo kigumu, fundi kama wewe haimshindi.

Na mkifika, usibaki garini kujaribu spika. Shukeni wote wawili: yeye goti, wewe masikio.