Vitaa vya swichi za pikapu

Mama Chanelle,

Ufunguo wa pikapu uko chini ya sahani. Leo siendi Rumonge. Maharagwe bado yako motoni, yaangalie.

Asubuhi ulinisikia nikimwita ndugu yako Hugues mjinga, akaondoka bila chai. Ulininunia, na ulikuwa na haki. Jana sikukueleza. Nikipita Ruziba jioni, risasi zililia mbele yangu. Nilisimama, nikazima taa zote, hata zile za juu alizonifungia Hugues. Lakini vitaa vyekundu ndani ya swichi zake vilibaki vinawaka, vinanimulika usoni. Nilivifunika kwa viganja mpaka kukatulia. Mi nilidhani nimekwisha.

Aliviweka hivyo ili nisipapase gizani. Najua.

~~Mwambie asiguse tena gari yangu.~~ Apana. Naenda Musaga kwa miguu kumwomba msamaha. Tukipishana njiani, mpe ufunguo. Waya wa vile vitaa autoe kwenye betri, aufunge kwenye ule unaokwenda kwa taa za juu, vizimike pamoja nazo.

Usimwambie kwamba nililia ndani ya gari. Nitamwambia mwenyewe.

Papa Chanelle