Kwa Nini Mama Hakuvuka Namanga

S.L.P. 47,
Nkubu, Meru.
19 Agosti 1984

Mpendwa Dada Felicitas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Nkubu. Natumaini wewe, Shemeji Anaeli na watoto mu wazima huko Arusha, na kwamba kifua cha Mukiri kimepona. Sisi tunaendelea. Mvua ya Machi haikuja, mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na sasa tunapanga foleni kununua unga wa njano kama kila mtu.

Barua yako ya Juni nimekaa nayo wiki saba, na si kwa kukosa nafasi. Uliniuliza jambo moja tu: ikiwa wakati wa Pasaka Mama alikuwa kitandani, kama telegramu yangu ilivyosema, kiondo chake cha njahi, yale maharagwe yetu meusi, kilikufikiaje kikiwa mikononi mwa mwanamke usiyemjua? Nakujibu kwa Kiswahili, si kwa Kimeru, ili shemeji naye asome, maana naye nilimdanganya.

Mama hakuwa mgonjwa. Siku ile mliyomchinjia mbuzi na kuwaita wakwe zako, alikuwa Namanga, upande wa Kenya, amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa. Aliyemzuia asifike kwako ni mimi.

Redio ilipotangaza Novemba kwamba mpaka wa Tanzania umefunguliwa, Mama aliacha kupalilia akaja mpaka ofisini kwangu, pale chama cha kahawa, na jembe mkononi. Alikuwa hajakuona tangu 1976. Akaniomba niulizie ni karatasi gani zinazotakiwa. Krismasi akaniuliza tena. Nikamwambia nitauliza.

Ukweli ni kwamba anayejua mambo hayo mjini Meru ni Bundi, yule tuliyesoma naye darasa moja. Yeye ana ofisi kubwa sasa, na sikutaka kusimama mbele ya meza yake na kofia mkononi. Binamu yetu Muthamia aliniandikia kutoka Nairobi kwamba yuko tayari kwenda kuniulizia. Nikamjibu asijisumbue, mimi ni karani, mambo ya karatasi nayajua.

Machi Mama akaniuliza mara ya tatu. Nikasema, "Nimeuliza. Kitambulisho kinatosha." Neno lilitoka kwa urahisi, kama mtu anayejibu salamu. Baada ya siku chache hata mimi nikawa naliamini.

Pale Namanga, afisa alikuwa msichana wa miwani, mpole. Akataka hati za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Nikampa vitambulisho. Akanieleza bila kuchoka kwamba hati za muda hutolewa Nairobi, na kwamba sindano hupigwa siku kumi kabla ya kuvuka. Akasema hata akitufumbia macho yeye, wenzake wa ng'ambo watatugeuza.

Unajua Kiswahili cha Mama ni cha salamu tu. Akanivuta koti akitaka kujua msichana anasemaje. Nikamwambia kwa Kimeru kwamba sheria imebadilishwa wiki hiyo hiyo, na kwamba hadi juzi kitambulisho kilitosha.

Nyuma yetu kwenye foleni alikuwa mama mmoja anaitwa Marcella, wa Kiirua, anayefanya biashara ya vitenge. Sikujua ni Mmeru mwenzetu. Akasema kwa upole kabisa, kwa lugha yetu, "Mama, haijabadilika. Ni hivyo tangu walipofungua. Hata mimi niliuliza kwanza ndipo nikaja." Akamwonyesha kadi yake.

Mama alinitazama, kisha akateremsha kiondo mgongoni, akamkabidhi Marcella, akamwambia jina la shemeji na shule anayofundisha. Hivyo ndivyo njahi zilivyokufikia. Sisi tuligeuka tukarudi Nairobi, na huko nikakutumia telegramu huku yeye amekaa kwenye benchi nje ya posta. Sikuweza kuandika kwamba mimi ni mzembe. Kuandika kwamba Mama anaumwa niliweza.

Katika safari ya kurudi tulikuwa tumeshapita Embu aliponigeukia. Hapo akasema, "Kurudishwa hakukuniuma. Ningerudishwa hata mara tatu. Lakini yule msichana ulimtia kinywani maneno ambayo hakusema, na mimi kule sikuwa na masikio mengine ila yako." Nimejaribu kuyasahau maneno hayo, sijaweza.

Sasa Dada, keti kabla hujaendelea. Macho ya Mama yameharibika. Mwezi wa Juni daktari alisema ni presha ya macho, imekuwa ikimla polepole, na nuru iliyopotea hairudi. La kulia limekwisha. La kushoto linaona mwanga na kivuli. Anasema upofu ungekuja tu hata tungefanya nini, na ugonjwa sikuuleta mimi. Lakini Aprili alikuwa bado anachagua mawe kwenye maharagwe. Aprili angekuona uso. Angemwona Mukiri, ambaye hajawahi kumwona hata kwa picha. Hilo nimewanyang'anya nyote watatu, na sina namna ya kulirudisha.

Julai nilikwenda kwa Bundi. Aliinuka akanipa kiti chake, akaniandikia kila kinachotakiwa kwenye karatasi moja. Haikumchukua dakika kumi. Akaniambia, "Nilidhani utakuwa mtu wa kwanza kuja kuniuliza, kwa sababu ya dada yako." Nilitoka pale nikakaa chini ya ukuta wa ofisi muda mrefu kabla ya kuweza kwenda nyumbani.

Tumeshakwenda Nairobi. Hati ya Mama iko tayari, chanjo alipigwa tarehe sita mwezi huu, na kadi imegongwa muhuri. Kwa kuwa likizo yako ya kuja huku ni mwakani, yeye hataki kungoja. Watakuwa Namanga Jumamosi tarehe nane Septemba, kabla ya saa sita. Nasema watakuwa, kwa sababu Mama amechagua kusafiri na mke wangu Lenah. Nitawafikisha hadi kwenye kizuizi cha mpaka. Hati yangu pia ninayo, lakini hajaniambia nivuke, nami sijamwuliza.

Mwombe shemeji awapokee ng'ambo. Mama akikushika uso kwa mikono, mwache achukue muda wake. Na nisamehe. Usipoweza sasa, nitangoja.

Barua hii nimemsomea Mama asubuhi hii baada ya misa, kwa Kimeru, mstari kwa mstari, hata pale panaponiaibisha. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Umesahau kitu. Andika kwamba siku ile jua lilikuwa kali, na ulinishikia mwavuli kutoka kwenye kizuizi mpaka kwenye basi." Nimeandika, kwa kuwa amesema.

Nisalimie Shemeji Anaeli, na uwaombe radhi wazazi wake kwa mbuzi wao. Mbusu Mukiri na kaka zake. Lenah anakusalimu, na Mzee Mbaabu, jirani, bado anakuulizia wewe, nesi aliyemfunga mkono. Mungu aliyewalinda miaka yote ya mpaka kufungwa azidi kuilinda nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata alipokukosea,
Riungu