Sufuria ya Ntumba na Moto wa Kaskazini

Kolwezi, mwezi wa tatu 1958

Kwa shemeki wangu Omer, kule Kisenge,

Pokea salamu nyingi. Mi niko muzima, magoti tu ndiyo yanalia. We na batoto munalala bila homa? Vumbi la manganèse la mugodi wenu limekuachia pua?

Ujue unasoma barua ya mutu aliyeona kwa macho yake moto wa mbingu za kaskazini, wa kijani na mwekundu, ukicheza kama pazia. Basi, nimedanganya. Nimeona picha, tena haina rangi.

Unajua kazi yangu: kuchunga kile kibanda cha mbao ambamo Monsieur Wéry ametundika sumaku kwa uzi. Ikitikisika, mustari unajichora kwenye karatasi. Chuma hakikaribii. Kila asubuhi ananivua mukaba kama mutoto, kisha yeye mwenyewe anaingia na funguo mufukoni.

Mwezi uliopita, jua likizama, mustari uliruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa. Muzungu akasema chuma kimepita, akanipa mpaka Siku ya Mungu, siku ya misa, nihame nyumba ya kambi. Katekista Polycarpe, lile debe tupu, akaja kuniambia nitubu.

Kisha ikafika telegramu: jioni ileile mbingu ya Ulaya iliwaka. Muzungu akanieleza polepole, kama anasemesha kiziwi. Jua linatema punje ndogo za umeme. Usumaku wa dunia unatetemeka kama vyuma vya likembe vikipigwa kwa vidole. Mawimbi yake yanakimbia huko juu kusiko na hewa, yanasukuma punje zishuke, na pale zinapogonga hewa panawaka mistari mistari, ikiwaka na kufifia kwa pigo la wimbi. Mutetemeko huohuo ulifika kwenye uzi wetu. Nikamuuliza kama yeye aliwahi kuuona moto huo. Akasema hapana. Nyumba nikabaki nayo. Pole sikupewa, nilipewa sardini.

Sasa sikia, shemeki, kabla ya kunitukana. Dada yako Ntumba, muke wangu, hakukuambia yote. Niliposhitakiwa, nilisema mbele ya kambi nzima kwamba ni Ntumba, alileta maharagwe na sufuria yake ya chuma mpaka mulangoni. Uongo. Aliiacha mbali, kwenye ua, kama kila siku, nami nikaifuata hukohuko. Batu wakamucheka, akabeba sufuria, akapanda treni kuja kwako. Wéry ni mupumbavu, lakini yeye alingoja telegramu ili ajue. Mi nilijua bila telegramu.

Nimekwisha kupita nyumba kwa nyumba nikitangaza kwamba sufuria haina kosa. Polycarpe nilimwambia mara mbili.

Salimia bote, na Elise zaidi. Ulipoenda kumuposa, ni nani aliyekula ile kuku mbichi ya wakwe ili wewe usiaibike? Basi nilipe: nirudishie ile sufuria. Lakini usiitume peke yake, ni nzito. Anayejua kuibeba ni mumoja tu.

Mimi shemeki yako,
Badibanga