Mkrismasi Wako Umeshiba

Kaka Masanja,

Mkrismasi wako hauumwi. Bwana miti wa manispaa alisema hivyo Jumanne asubuhi, akiwa amepiga goti mbele ya nyumba yetu hapa Igogo, baada ya kuchimba shinani kwa panga na kunusa udongo. Alisema mti umeshiba. Maji ni mengi, samadi ni nyingi, na mkrismasi ukilishwa hivyo hutoa majani tu. Maua huyatoa baada ya kuonja ukame.

Nakuandikia gazetini kwa sababu sina anwani yako. Barua zangu tatu za mwisho zilirudi kutoka Johannesburg, bahasha hazijafunguliwa. Mhariri amenipa nafasi hii akijua kabisa kwamba ni habari ya nyumbani. Wenzako wa kiwandani waliokufuata huko husoma magazeti yetu yanapowafikia, hata yakifika yamefungiwa sabuni. Labda mmoja wao atakuonyesha.

Mbegu uliziokota wewe. Ulikuwa fundi mashine kiwanda cha nguo, mimi ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne. Ulirudi kutoka kazini na ganda moja refu jeusi, ukalipasua, ukakaa kwenye jiwe la mbele ukisugua mbegu moja moja. Nilipotaka kukusaidia ulinishika mkono. "Si hapo. Ukisugua upande wenye jicho umeiua." Ukaziloweka usiku kucha kwenye maji ya moto. Kati ya tano iliota moja. Ukailea kwenye kopo la maziwa, halafu ukaihamishia katikati ya yale mawe mawili, mahali pekee penye udongo wa kutosha kwenye kiwanja chetu. Mama alitaka pale papandwe mpapai.

"Papai utanunua sokoni, mama," ulimwambia. "Kivuli hakiuzwi."

Kiwanda kilipouzwa na majina ya waliopunguzwa yakabandikwa getini, la kwako lilikuwamo. Asubuhi uliyoondoka mti ulikuwa unanifika kifuani. Ulikuwa umeinama unafunga begi kwa kamba, mama akakuuliza utarudi lini. Hukuinua uso.

"Huu ukichanua, mama, utaniona."

Kwa kazi hii ya uandishi nimewauliza watu maswali kwa miaka mingi sasa, na najua jibu la namna hiyo. Hukuwa na tarehe, ukataja kitu kilichokuwa karibu na macho. Sikulaumu. Lakini mama alilipokea kama tarehe.

Unamjua. Amekulia kwenye zizi, na anachojua yeye ni kwamba kitu unachokitegemea unakilisha. Wiki ile ile alituma ujumbe kwa mjomba kule Buswelu aletewe samadi. Toka hapo kila mvua zikianza inakuja, na anaimwaga mwenyewe kwa mikono, akiizungushia shina kama anayetandika kitanda. Maji alikuwa anateka bombani kule chini barabarani. Magoti yalipomkatalia, kazi ikawa yangu. Ndoo mbili kila jioni, nikiyapanda mawe mpaka nyumbani.

Nitakwambia jinsi ndoo mbili zinavyopanga maisha ya mtu. Sijawahi kulala Geita, ingawa habari kubwa za miaka hii zote ziko huko kwenye dhahabu. Nikienda Ukerewe lazima nirudi na boti ya siku hiyo hiyo. Magazeti ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa Dar, moja liliniita. Nilimwambia mama wakati wa chakula. Akauliza swali moja tu: "Nani atamnywesha?" Ndivyo anavyosema, kama vile ni ndama. Gazeti la pili liliponiita sikumwambia hata kidogo. Niliwajibu kwamba nina udhuru wa kifamilia, nikaenda bombani.

Mti sasa umepita paa. Mizizi imeingia chini ya baraza na sakafu ya chumba chako imepasuka kutoka mlangoni hadi dirishani. Kila Desemba mikrismasi ya mjini inakuwa myekundu, na mama ananiuliza nikirudi kutoka kazini.

"Ya mjini imekuwaje?"

"Imechanua."

"Wetu bado mdogo."

Ya mjini mingi ni mifupi kuliko wetu. Simwambii.

Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia. Miaka miwili iliyopita nilikuwa Kirumba naandika habari ya watu wanaouza miche. Mama mmoja muuza miche alinieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba wanaomwagilia mikrismasi mikubwa wanajichosha bure na kujinyima maua. Niliandika kwenye daftari langu, pamoja na jina lake. Jioni ile nilibeba ndoo zangu mbili kama kawaida. Jioni iliyofuata pia.

Nilikuwa na sababu. Mti usipochanua, hujavunja ahadi, na mama anajua kwa nini haupo. Ukichanua na wewe usionekane, hatakuwa na pa kukuweka. Kwa hiyo nilimwagilia ili usichanue. Nilifanya hivyo kwa makusudi, nikiwa na akili timamu, huku nikijiona mtu aliyefungwa na mama yake. Ukweli ni kwamba kamba nilikuwa nimeishika mwenyewe.

Jumanne bwana miti hakuja kwa ajili ya maua. Alikuja na vijana wake wawili kwa sababu matawi yamefika kwenye waya za umeme. Mama akawahi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuukata?"

"Matawi mawili tu, yanagusa waya."

"Kabla hujagusa kitu, niambie kwa nini hauzai maua."

Ndipo akachimba na kunusa. Nilikuwa nimesimama pale pale, na nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo.

"Mama, huu mmeunenepesha. Aliyeshiba hana haraka."

"Kwetu hatufugi kitu kwa njaa."

"Lakini huu si ng'ombe, mama."

"Na wewe mkeo anakupikia, au anakunyima mpaka uchanue?"

Vijana walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye ngazi. Bwana miti naye alicheka, lakini hakubadili maneno. Maji yakome leo, samadi isiletwe tena, kiangazi chote kipite udongo wake ukiwa mkavu. Atarudi Jumamosi ya kwanza ya Oktoba kuangalia kama una matumba.

Jioni nikachukua ndoo kwa mazoea.

"Ziache," mama akasema. Alikuwa amekaa barazani. "Ng'wana wane, mwanangu, tukiunyima utachanua?"

"Amesema utachanua."

"Na kaka yako asipokuja?"

Nikaziweka ndoo chini. Nilikuwa nimeishi miaka miwili nikilikwepa swali hilo, na yeye akaliuliza kama anayeuliza bei ya dagaa.

"Basi nitajua," akasema, akaingia ndani kuangalia chungu.

Leo ni siku ya nne bila maji. Nafika nyumbani jioni na mikono haina kazi, nakaa, nasimama. Nilidhani siku ndoo zitakapokoma nitajisikia mwepesi. Gazeti jingine la Dar limeniita, la tatu sasa, na wanataka jibu kabla ya Oktoba kwisha. Mama anayesubiri ningeweza kumwachia jirani. Mama aliyemaliza kusubiri sijui nitamwachia nani. Huenda mti ukichanua ndiyo nisitoke kabisa.

Sikuombi urudi. Nauli ni kubwa, na huenda una watu wengine huko wanaokutegemea. Ninachotaka ni mstari mmoja wa kweli, umfikie kabla ya maua. Andika kwamba unakuja, au kwamba huji. Lolote utakaloandika litakuwa jepesi kwake kuliko kuyaona matawi yamejaa na njia iko tupu.

Barua hii inatoka Jumapili. Mama hajui kusoma, lakini majirani watamwambia mwanawe ametajwa gazetini, na atanitaka nimsomee. Hajui bado kwamba nilijua. Jumapili baada ya misa ya kwanza nitakaa naye barazani, nimsomee yote kuanzia jina lako. Na nikifika pale palipoandikwa Kirumba, sitaruka.

Ubaki salama popote ulipo, kaka.

Mdogo wako, uliyemwachia mama na mti
Igogo, Mwanza