Mlango wa Kulia wa Pikapu ya Baba

Moundridge, Kansas
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Galen,

Nakusalimu kutoka mezani kwa mama, nikitumaini mgongo wako umepata nafuu na mvua za huko Oregon hazijaanza kukusumbua. Msalimie wifi Patrice. Ukitaka kujua hali zetu, sisi wazima. Mama anakula vizuri, anasikia anapotaka kusikia, na bado anagombana na redio. Mimi nipo tu. Tangu tumzike baba, watu wananiuliza najisikiaje, nami nawajibu sijambo, maana kweli sisikii kitu. Nimekuwa kama mdomo uliotoka kung'olewa jino: unajua ni wako, lakini huusikii.

Hukuja mazikoni, na sikuandikii kukulaumu. Sababu yako naijua. Ulipolikataa shamba ukaenda zako, baba alichukua brashi akafuta maneno "na Mwana" kwenye milango yote miwili ya pikapu, likabaki jina lake "Orval Schrag" peke yake. Ulikuja Krismasi ile, ukaiona kupitia mlango wa ghala, ukageuza gari uani bila hata kuzima injini. Na baba alipofariki ulisema katika simu kwamba mtu aliyefutwa haendi kuzika.

Mama anahamia nyumba ya wazee ya kanisa mwisho wa mwezi, na ghala lazima liwe tupu, kwa hiyo tuliita mnada. Dalali ni Dwight Unruh, yule uliyesoma naye. Alipoiona ile pikapu, Chevrolet ya mwaka hamsini na moja, alivua kofia. Akasema gari ambalo halijawahi kupakwa rangi upya, tena lenye mavumbi yake yote ya ghalani, wakusanyaji wa magari ya zamani, hadi wa Texas, wanalitafuta kwa udi na uvumba. Akatuonya tusifute hata kioo. Hayo mavumbi, alisema, ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Mkiliosha litakuwa gari kuukuu tu kama mengine. Mama akamwuliza kama hao watu walilelewa na mama zao. Dwight akacheka, akadhani ni mzaha.

Unamjua mama. Siku baba alipoanguka, alipiga deki barazani kabla gari la wagonjwa halijafika. Basi Ijumaa nilikuwa jikoni naoka mikate ya vichwa viwili, ile ya donge dogo juu ya kubwa, ya kuuza na kahawa siku ya mnada, nikasikia bomba la uani linafunguliwa. Nilimkuta ghalani na ndoo na kitambaa, amekwisha kuosha mlango wa upande wa dereva. Akasema Texas nzima inakuja kesho, na hawatakuta uchafu wa mume wake. Nilitaka kufoka, nikakosa nguvu. Ndipo nikaona kwamba maji yaliyokuwa yakichuruzika mlangoni ni meupe.

Galen, ilikuwa chokaa. Ile ile tuliyokuwa tukipaka chumba cha kukamulia ng'ombe kila masika, iliyokuwa ikitushika mabegani kila tukipita. Baba alikuwa na makopo ya rangi ya mafuta rafu nzima, na alijua vizuri ipi inakaa na ipi inatoka. Alichagua inayotoka kwa maji. Kisha akaliingiza gari ghalani, mvua isiliguse, na hakuliendesha tena. Chini ya chokaa herufi zilikuwa nzima, nyekundu: "na Mwana". Mama alizitazama, akakamua kitambaa chake, akasema, "Mkaidi yule. Alikuwa anamsubiri aje aoshe mwenyewe." Akachukua ndoo azunguke upande wa pili. Nikamshika mkono, nikamwambia kahawa inapoa.

Jumamosi walikuja wengi. Mzee mmoja wa Texas alipiga magoti kwenye ule mlango uliooshwa, akapitisha kidole kwenye herufi, akasema maneno kama hayo siku hizi hayapatikani. Wala hakuyaulizia mavumbi. Akasimama, akazunguka upande wa abiria, na huko hakukuta mlango. Dwight alinijia mbio na kipaza sauti chake bado kinawaka, uwanja mzima ukamsikia akiniuliza mlango uko wapi. Nikamjibu auze kilichopo.

"Kilichopo?" akasema. "Lorene, hata mbuzi huuzwa na masikio yake yote. Umeniaibisha mbele ya Texas."

Yule mzee alinibembeleza, akapandisha bei ili nimpe mlango. Nikakataa. Mwishowe aliinunua kwa bei ya kutupa, akaondoka akitikisa kichwa. Niliitazama ikivutwa hadi barabara kuu huku nakula kipande cha pai ya tufaha, nisijue ladha yake. Sikulia. Bado sijalia.

Sasa nikwambie. Niliung'oa mimi, Ijumaa ile ile, kwa spana za baba. Uko chumbani kwangu, umeegemea kabati, nimeufunika kwa mfarishi wa mama. Ni mlango wa kulia, wa abiria, upande uliokuwa ukikaa wewe. Ningeweza kuuosha nikakutumia picha, lakini nakujua: ungesema Lorene ameyaandika maneno mwenyewe ili nije. Na nilitaka uje, sikatai.

Sijauosha. Nililowesha kidole, nikagusa pembeni kidogo, kikaja cheupe. Hapo nilisikia kitu kifuani, mara ya kwanza tangu mazishi, nikaogopa, nikaacha. Chokaa iliyobaki ni yako.

Jirani zetu wote wanakusalimu, isipokuwa Dwight, ambaye hata mimi hanisalimii. Mama anakusalimu sana. Nimemsomea barua hii, naye anasema ukija usilete sabuni. Maji yanatosha.

Ni mimi dada yako,
Lorene