Tangazo la Barabara ya Theluji

Kyebando, Kampala
Jumanne, 18 Novemba 1975

Mdogo wangu mpendwa Marjan,

Asalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, na kwamba kifua chako hakijaanza kulalamikia baridi ya mlimani. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakusalimu. Anasema uvae fulana mbili, na kwamba kuwaendesha Wazungu hakumfanyi mtu awe Mzungu.

Nimesikia wageni wamekwisha kufika, wamefunga mbao zao ndefu juu ya lori lako, na wanangoja uwafikishe mwisho wa barabara ili wapande kuteleza juu ya theluji ya Rwenzori. Wakubwa wanazitaka picha hizo magazetini, dunia ione kwamba nchi imetulia hata watu wanakuja kucheza. Lakini mvua ya bondeni ndiyo theluji ya huko juu. Msimu wanaoutaka wageni ndio msimu barabara inapokufa. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Wajua pia kazi yangu. Kila adhuhuri, baada ya habari za Kiswahili, nasoma hali ya barabara, nanyi madereva wa mlimani huweka redio juu ya boneti na hamwashi injini kabla sijamaliza. Jana asubuhi mnyapara wa barabara alitupigia simu. Alisema ukingo wa mto umemeguka chini ya daraja la pili, mlima juu yake umepasuka, na Wakonzo wa pale wameshahamisha mbuzi wao. Sijaweka simu chini, Kapteni mmoja akaingia na karatasi iliyopigwa chapa: barabara iko wazi na ni salama kwa magari yote. Nilimweleza kwa adabu niliyoyasikia. Alicheka, akaniambia, “Wewe sauti tu, mama. Macho iko kwetu.”

Ndugu yangu, nilisoma kwamba barabara imefungwa. Nilisoma kwa utulivu kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Ndiyo sababu jana hamkuondoka.

Kapteni hakunigusa. Bwana Erinayo, mkuu wangu, alimwapia kwamba nina homa, na kwamba macho yangu yaliruka mstari. Kapteni alikubali upesi mno. Alisema kosa husahihishwa, nipumzishe homa yangu siku mbili, na Alhamisi nitalisahihisha mwenyewe, maana madereva hawataamini sauti nyingine. Kisha akauliza kama mama yetu bado anauza kabalagala, vile vitumbua vyake vya ndizi, pale kona ya Kamwokya. Sikuwahi kumtajia mama.

Tangu hapo, kila gari linalopunguza mwendo nje hunipeleka dirishani. Mama aliniuliza kwa nini nimelala na viatu. Nilimwambia naogopa panya, naye leo amekwenda kuazima paka.

Sasa nisikilize, kwani sijui namna nzuri ya kulisema hili. Alhamisi nitaisoma ile karatasi. Nimeshakubali. Kama ningekuwa peke yangu, labda ningekataa. Lakini mama yuko pale konani kila asubuhi, nao wanaijua kona. Utaisikia sauti ya dada yako, tulivu kama kawaida, ikikuambia barabara ni salama. Si salama, Marjan. Toboa tangi, tupa ufunguo mtoni, anguka kama mwenye kifafa, fanya lolote lile. Waambie madereva wenzako mmoja mmoja, kwa mdomo, bila kunitaja. Hata hao wageni wasiachwe wapande. Nao wana mama zao.

Anayekuletea barua hii ni Nusura wa soko la Owino, anayesafiri kesho kwa gari la moshi la Kasese na marobota yake ya nguo. Mpe chai, usimpe jibu. Ukimaliza kusoma, itie motoni.

Bwana Erinayo anakusalimu, na paka wa jirani pia, kwa maneno ya mama, ambaye hajui ninaloliandika. Mungu akuweke. Kwa miaka yote hii nimewasomea watu nisiowaona, nikitaka waniamini. Wewe nakuomba kinyume chake: Alhamisi, usiniamini.

Dada yako akupendaye,
Zubaida