Firigisi ya Baba Somoe

Baba Somoe, kitendawili! Umemwaga mbegu shambani. Haioti, na aliyeila hainuki.

Mihogo imo chunguni. Nimekwenda Chiwata kumtafutia Somoe mtetea mwingine. Wake asubuhi shingo ilimlegea, nikamwahi kwa kisu. Nyama nimeifukia, msiifukue. Firigisi, haki yako mwenye nyumba, nimeipasua, ipo chini ya kawa. Itazame, usiitafune.

~~Bunduki nimeificha.~~ Bunduki ipo palepale, mwanangu. Hua wanatumalizia mtama, wapige. Ila jana niliposema marisawa, hizo punje za bunduki yako, ya madini ya risasi yana sumu, ununue ya chuma, ukanicheka: "Mama, hua ataijua tofauti?"

Hua hajui. Ila kuku anadonoa unapopigia, na hao hua Somoe anawala.

Umeshindwa? Basi mji nimeuchukua, Chiwata hiyo hiyo. Jibu limo kwenye firigisi: marisawa yako.

Mama yako, bibi wa Somoe